Kitanda cha Mchana

Katika utoto wangu sikuwahi kumwona mwanamke mzima amelala mchana, ila awe amejifungua au amekufa. Wagonjwa wetu walikaa. Mwenye homa alikaa jikoni karibu na moto, mwenye kifua alikaa uani juani, na jirani yetu mmoja aliyeota jipu pajani alikaa upandeupande mpaka likapasuka, huku akimenya ndizi. Kulala, kule kwetu Mwika, lilikuwa jambo la usiku, na hata usiku watu walilifanya kwa harakaharaka. Leo mimi ni fundi cherehani mjini Moshi na mgongo wangu umeanza kunidai haki yake. Kila ninapojinyoosha sakafuni adhuhuri, naona aibu, ingawa chumba ni changu na mlango nimeufunga mwenyewe. Nataka kueleza aibu hiyo ilianzia wapi.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipoanza kutudharau. Wazee walizoea kusema kahawa ndiyo iliyowasomesha watu na kuezeka nyumba zao kwa mabati, na ilikuwa kweli, lakini bei ilianguka, na wanunuzi binafsi wakaanza kupita na magari yao wakisema bei wanayotaka wao. Baba alivumilia misimu kadhaa. Halafu asubuhi moja akashika jembe, akang'oa safu mbili za mibuni kihambani, pale kwenye shamba linalozunguka nyumba, lenye migomba yetu na makaburi ya wazee wetu, akajenga banda. Baada ya muda akaleta ng'ombe wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe. Alisema maziwa yanauzwa kwa jirani na jirani humsikii kwenye redio akishusha bei. Tulimwona baba ana akili sana.

Tatizo ni kwamba ng'ombe yule alikula kama aliyetumwa. Mashina ya migomba tuliyomkatia hayakumtosha, alitaka majani, na majani yalikuwa chini kabisa, tambarare, kwenye mashamba ya mahindi ya kuelekea Himo. Unashuka ukiwa mtupu na kupanda ukiwa na mzigo kichwani. Aliyeipanga nchi ya Uchagani hakuwa mbeba majani. Na mzigo wenyewe haukuwa wa kuufanyia mzaha: ukikutana na mwanamke njiani unaona rundo la majani linatembea lenyewe, chini yake miguu miwili, na ukimsalimia unasikia sauti inatoka ndani.

Wanaume hawakubeba. Hakuna aliyewakataza, ila haikuwahi kuonekana mwanamume amejitwika majani ya ng'ombe kichwani, na jambo ambalo halijawahi kuonekana ni gumu kulianza mbele ya watu wanaokujua. Kwa hiyo ng'ombe alikuwa wa baba na majani yalikuwa ya mama.

Mama alibeba. Mwanzoni nilimsikia akiguna tu anapoinama kufagia. Baadaye akawa anajifunga kanga mbili kiunoni kabla ya kushuka shambani, anazikaza mpaka pumzi inakuwa fupi, na anaporudi anashika mhimili wa jiko kwanza, anasimama hivyo kitambo, ndipo anaweza kuketi. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alimkanda kila jioni kwa jiwe la moto lililofungwa kwenye tambara na samli. Alimkanda kwa huruma. Watu husema mama mkwe na mkamwana hawapikiki chungu kimoja, lakini hawa wawili walipikika. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume na hakuwa na binti, na mama alipoletwa pale alimpokea kama mwanamke aliyengoja mvua.

Jiwe la moto halikutosha. Mama akaenda zahanati, nami nikaenda naye kwa sababu ndoo hakuweza kuibeba na tulikuwa tupitie bombani wakati wa kurudi. Nesi alikuwa dada mmoja Mpare, kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Hakumpa sindano, jambo lililomvunja mama moyo kidogo. Alitandika mkeka sakafuni, akamlaza chali, akachukua kasha tupu la dawa akaliweka chini ya miguu yake hadi magoti yakapinda. Mama akabaki pale akiitazama dari. Nakumbuka uso wake ulivyolegea taratibu, na nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kuuona ukiwa hivyo.

"Mama, mgongo haupumziki ukikaa," nesi alimwambia. "Unapumzika ukilala hivi. Mchana ulale, na jioni ulale. Kitanda cha springi achana nacho, lala chini. Na usibebe kitu kichwani mpaka nikwambie."

Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyowaitikia wataalamu wote, na njiani aliniambia nisimweleze Bibi.

Mama alijua Bibi angesema nini. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, anakaa benchi la mbele kila Jumapili na Biblia yake alilala nayo. Lakini alikuwa na mambo mengine ambayo hakuwahi kuyapeleka kwa mchungaji, kwa kuwa kwa maoni yake mchungaji alikuwa na mengi ya kushughulikia. Moja la mambo hayo lilikuwa kitanda cha mchana. Kitanda cha mchana, kwa Bibi, kilikuwa cha mzazi. Mwanamke akijifungua Uchagani anakaa ndani miezi mitatu. Hagusi jembe wala kuni, analishwa mtori na maziwa na kila chenye mafuta, na mama mkwe ndiye anayefanya kazi zake. Huo ndio wakati ambao mwanamke analala jua likiwaka na hakuna anayemshangaa, maana ana mtoto ubavuni. Asiyekuwa na mtoto akilala mchana, ubavu wake uko wazi, na kilicho wazi hujazwa. Bibi alikuwa na ushahidi. Mdogo wake alijilaza mchana mmoja tu kwa ajili ya maumivu ya kichwa, na kabla ya mwezi kuisha wakamzika mtoto wake mkubwa. Alituhadithia kisa hicho mara nyingi akichambua maharage, bila kuinua macho.

Mama alitafuta mahali pa kujificha. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, alitandika majani makavu, akawa anaingia huko mchana tunapokuwa shuleni na Bibi akiwa kwa jirani. Sijui alifanya hivyo kwa muda gani kabla hajaonekana.

Siku hiyo nilikuwa nimewahi kurudi. Bibi aliniita tukakate majani ya migomba ya kufunikia chungu, akatangulia na mundu. Alipofika katikati ya migomba alisimama. Nikachungulia pembeni yake. Mama alikuwa amelala chali juu ya majani makavu, mikono imepumzika kifuani, macho yamefumba, miguu imeinuliwa juu ya debe lililolazwa. Bibi hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, pale pale alipokuwa, na mundu ukamwanguka. Nikasikia anaanza kusema jina la Mungu kwa Kichaga, kwa sauti ya chini. Nilijua anachofikiri kwa sababu na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Nilipolia, mama akafumbua macho.

Sijawahi kumwona Bibi amekasirika kama alivyokasirika alipoona mama yuko hai. Alimwambia inuka. Mama akaanza kueleza habari za nesi, na Bibi akauliza kwao Upareni ni nani anayewakatia ng'ombe majani, kama nesi ana muda wa kuwafundisha watu kulala. Halafu sauti yake ikashuka. Maneno aliyosema nayakumbuka neno kwa neno, ingawa aliyasema kwa lugha yetu na hapa nayageuza.

"Kifo kinapita mchana kama watu wengine. Kikikukuta umelala na ubavu wako hauna mtu, kitauliza nafasi hiyo ni ya nani. Utakijibu nini?"

Mama alijifunga kanga zake, akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Haikupita muda mrefu mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Alilificha hilo nalo, lakini mguu haufichiki. Jioni moja akitoka bandani na ndoo ya maziwa, mguu ulikataa, akaanguka kifudifudi na maziwa yakamwagika mpaka mlangoni mwa jiko. Hakuweza kuinuka. Baba na jirani walimbeba kwenye kiti mpaka zahanati, na nesi aliyekuwa mpole safari hii hakuwa mpole. Alimwambia baba mbele ya watu kwamba mkewe akiendelea kubeba, mguu ule hautarudi, na wa pili utafuata, na ataishia kutambaa. Baba alirudi naye nyumbani. Usiku wakati wa kula alisema atatafuta kibarua wa kukata majani. Alisema vizuri, na nina hakika alikuwa na nia. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na baba aliutafuta usaidizi kama anayetafuta kitu ambacho hakijapotea sana.

Bibi ndiye aliyeamua. Alikaa na jambo hilo siku nzima, hakula. Asubuhi ya pili yake alikwenda kihambani akakata shina la mgomba mchanga, kipande kirefu kama mkono wa mtu mzima, akalifuta utomvu vizuri, akalifunga kwa kanga yake mwenyewe ya kwendea kanisani. Alilifunga kama mtoto anavyofungwa, na upande wa juu akalivisha kofia ya sufu niliyovaa mimi siku ya ubatizo. Kisha akaliingiza ndani, akaondoa godoro kwenye kitanda cha springi, akalitandika sakafuni juu ya mbao, akamwambia mama alale. Mama alipolala, Bibi akamlaza mtoto yule ubavuni mwake, upande wa ukutani. Akafunga mlangoni majani ya masale, alama ya kwetu kwamba ndani kuna mzazi, akasimama akitazama kazi yake.

"Sasa kikiuliza, nafasi ina mwenyewe," alisema.

Mama alicheka. Alicheka mpaka mgongo ukamuuma na Bibi akamkemea, mzazi hacheki hivyo.

Na kweli alimfanya mzazi. Alimpikia mtori, alimpa maziwa ya kwanza kila asubuhi, alimkataza kugusa hata kikombe. Habari zilipoenea kwamba mama yuko ndani na masale yako mlangoni, majirani walishangaa, maana hakuna aliyeona tumbo. Mama Eliya, ambaye shamba lake lilipakana na letu na ambaye hakuna jambo lililopita kwake bila kukaguliwa, alikuja na mayai na ndizi za pongezi. Bibi alimpokea uani. Mama Eliya aliuliza ni mtoto gani. Bibi, mtu wa benchi la mbele, alimjibu bila kupepesa macho kwamba ni wa kike na amelala. Mayai tukayala.

Siku zile, nikizikumbuka, ndizo pekee ninazokumbuka uso wa mama ukiwa mchanga. Nilikuwa nikitoka shule naingia chumbani nakaa kwenye mkeka kando ya kichwa chake, na alikuwa na muda. Mama mwenye muda! Alinieleza habari za utoto wake, alinifundisha kushona pindo kwa mkono akiwa amelala chali ameinua kitambaa juu ya uso wake, na ndiyo maana hadi leo pindo langu ni zuri kuliko la mafundi wengi pale mjini. Mvua zilikuwa zimeanza. Zikinyesha juu ya bati alikuwa anafumba macho na kutabasamu. Siku moja alikunja vidole vya mguu wa kushoto, vyote vitano, akaniambia nimwite Bibi aje aone.

Bibi hakuwapo. Bibi alikuwa ameshuka tambarare kukata majani.

Ndivyo desturi ilivyo, na sidhani aliwaza njia nyingine. Mzazi akiwa ndani, mama mkwe anafanya kazi zake. Kama mtoto yule wa mgomba alikuwa mtoto, basi mzigo ulikuwa wa Bibi. Hila ilitakiwa iwe kamili, nusu yake isingemdanganya mtu, sembuse kifo. Alikuwa mzee. Baba alimwambia asiende, angoje kibarua, na Bibi akamuuliza kama ng'ombe naye ameambiwa angoje. Mimi nilikuwepo, na nilimwona baba ameshika mundu mkononi, amesimama mlangoni mwa banda, anamtazama mama yake akishuka njia na ngata ya kujitwikia mkononi. Alisimama pale mpaka Bibi alipopotea kwenye migomba. Kisha akautundika mundu ukutani.

Kwenye njia ya kupandia, juu ya mfereji, palikuwa na ukingo wa udongo wenye kimo cha mtu aliyeketi, na jiwe la kukalia chini yake. Wanawake waliuegemea wakipumzika bila kutua mizigo yao, kwa sababu ukitua mzigo ukiwa peke yako hakuna wa kukutwika tena. Unarudi kinyumenyume, unaketi, majani yanalala juu ya ukingo, shingo inapata nafuu, unavuta pumzi, halafu unaendelea. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na njia imekuwa utelezi. Mama Eliya alikuwa akipanda na mzigo wake, akamkuta Bibi ameegemea pale. Akamsalimia shikamoo. Bibi hakuitikia, na Mama Eliya akadhani amechoka, au bado ana kinyongo naye kwa maswali ya siku ile. Akapita. Alipofika juu kidogo, alisema baadaye, moyo wake ukakataa. Mtu wa rika la Bibi haachi shikamoo ya mtu chini. Akatupa mzigo wake pale njiani, akarudi.

Bibi alikuwa amekufa akiwa ameketi, mgongo kwenye ukingo, majani yake juu ya kichwa hayakuwa yameanguka.

Walimleta kwenye machela, na mama alisikia vilio vikipanda kutoka chini kabla hajaambiwa. Alitoka ndani kwa miguu yake miwili. Niliona hilo, na hata katika msiba ule kitu fulani ndani yangu kilifurahi kwamba anatembea.

Mazishi yalikuwa kihambani, kama ilivyo kwetu, karibu na kaburi la babu. Mchungaji alihubiri juu ya waliofanya kazi na kulemewa. Watu walipotawanyika, mama aliingia chumbani akatoka na kile kifurushi cha kanga. Aliifungua kanga, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku la Bibi. Kofia akanipa mimi. Shina la mgomba lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Alilipeleka bandani, akalikatakata vipande kwa panga, akamwekea ng'ombe, na ng'ombe akala. Asubuhi iliyofuata alijifunga kanga mbili kiunoni, akachukua ngata, akashuka.

Baba alimzuia. Ili kumtendea baba haki lazima niseme kwamba alimzuia kweli, alisema atamuuza ng'ombe wiki hiyo hiyo, na kwamba yeye mwenyewe ataanza kubeba na anayecheka acheke. Mama alimwambia, ng'ombe yule hauzwi, na mundu hakumpa.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake, na yalikuwa mepesi. Bibi alisema mwenyewe: kitanda cha mchana kitamtaka mtu. Walikidanganya kifo kwa mgomba, kifo kikaja kikakagua, kikaona mgomba si mtoto, kikachukua aliyekidanganya. Mama Eliya alikisimulia kisa hicho kwenye kila msiba, na kila aliposimulia kilinoga zaidi, na tangu hapo pale kwetu hakuna mwanamke aliyethubutu kulala mchana hata akiwa na malaria. Nesi alihamishwa baadaye. Sidhani aliwahi kujua mkeka wake ulizaa nini.

Nami niliamini, miaka mingi. Nilipokuwa sekondari nikaacha kuamini, na ujana ukanifanya niwe na hasira. Nilijua moyo wa mzee kwenye kilima kile, na mvua ile, na mzigo ule, hauhitaji kifo chenye maswali. Kitanda hakikumuua mtu. Majani ndiyo yaliyomuua, na ndivyo nilivyosema kila nilipopata nafasi. Niliona mama amefungwa na ushirikina wa marehemu, na nililiona hilo kuwa jambo la kusikitisha kuliko kifo chenyewe, maana mgongo wake ulikuwa unaharibika mbele ya macho yangu. Ng'ombe yule alizaa, akazeeka, akafa, akaja mwingine. Baba naye akafariki. Mama aliendelea. Leo anatembea ameinama, anaona vidole vya miguu yake na njia mbele kidogo tu. Akitaka kukutazama usoni inabidi ageuze shingo kwa upande, kama kuku.

Mwaka huu masika, na mimi nikiwa nimeshaambiwa na daktari wangu maneno yale yale ya nesi, nilipanda kwenda kumwona. Nilikuwa nimedhamiria. Baada ya chakula, jua likiwa juu kabisa, nilitandika mkeka sebuleni mbele yake, nikalala chali, nikaweka miguu juu ya kigoda. Alikuwa ameketi na ungo mapajani akichambua maharage. Nikamwambia nimefanya hivi kila siku tangu mwaka jana, adhuhuri, na hakuna aliyekufa. Nikamwambia aje alale hapa kando yangu. Nikamwambia kitanda hakikumuua Bibi.

"Nani alisema ni kitanda?" aliuliza.

Nikasema watu wote walisema. Akasema watu walisema, ndiyo, lakini je, nilimsikia yeye akisema? Nikapekua miaka yote hiyo kichwani. Sikuwahi kumsikia. Hata mara moja.

Aliendelea na maharage kwa muda. Mawe aliyatupa mlangoni, moja moja.

"Siku ile mvua ilikuwa inanyesha nami nimelala," alisema. "Mgongo hauumi, hata kidogo. Nikamwambia Mungu asante kwa raha hii. Na saa ile ile yeye yuko pale ukingoni na majani yangu kichwani, hana wa kumtua." Akatikisa ungo. "Nikilala ukaacha kuuma, Aikande, namwona. Ukiuma, simwoni."

Miaka yote nilikuwa nabishana na kifo kinachopita mchana, na mama hakuwa na habari nacho. Hakuwa akiogopa kitu. Alikuwa na mtu mmoja aliyempenda, na maumivu ndiyo pazia aliloweka kati yake na mtu huyo ili aweze kuishi. Mimi nilikuwa nimekuja na mkeka kumwondolea pazia.

Aliniona nimekaza uso, akadhani mgongo umenibana.

"Wewe lala, mwanangu," akasema, kwa upole. "Wewe hakuna anayekubebea."

Nikabaki nikitazama dari. Nilifikiri juu ya sare zangu za shule na daftari zangu, na cherehani ya kwanza aliyoninunulia baada ya maziwa ya misimu mingi, na majani yaliyopanda kilima kile kila siku nilipokuwa nimekaa darasani nyuma ya dawati. Mgongo wangu haukuwa unauma hata kidogo.

Nikainuka, nikakaa karibu naye, nikavuta upande wa ungo.